Muulize Mjomba: Tenda ya Serikali Inatoka Vipi, na Mbona Hela Inachelewa

Toleo lililopita niliropoka kidogo tu kwamba kabla sijastaafu nilikaa miaka mingi kwenye kitengo cha manunuzi cha idara ya serikali, kumbe nimejiletea, maana meseji zilizoingia toka siku ile sijaziona hata nilipoandika habari za mirathi. Wengi mnauliza kitu kilekile kwa njia tofauti, yani serikali inanunuaje, nani anaamua, na mbona mimi sipati. Nimechagua chache. Mnatoka nchi tofauti na kila nchi ina sheria yake na viwango vyake ila mifupa inafanana sana, sababu nyingi zimechota kwenye sheria ya mfano ya UNCITRAL, ile tume ya Umoja wa Mataifa ya sheria za biashara, iliyotoka 1994 ikaandikwa upya 2011, au zimechota kwenye nyaraka za Benki ya Dunia. Kwahiyo ninachosema hapa kapime na sheria ya kwenu, usije ukanishika shati.

Shikamoo mjomba. Nina karakana ya kushona sare. Idara moja ilitangaza tenda ya sare za wafanyakazi nikaomba, siku ya kufungua nikasikia kwa masikio yangu bei yangu ndo ya chini kuliko wote. Nikajua nimepata. Baadaye nasikia kapewa mwingine ambaye bei yake iko juu. Huu si wizi? *(Fundi wa Sare)*

Marahaba mpwa wangu. Unaweza kuwa wizi, sitakudanganya, lakini nimekaa kwenye vikao vya tathmini vya kutosha kukwambia kwamba mara nyingi anayelia hivi ameangushwa na karatasi yake mwenyewe.

Siku ya kufungua zabuni bei inasomwa tu, hakuna aliyeiangalia bado. Linasomwa jina la mzabuni, bei, dhamana (karatasi ya benki inayoahidi kuilipa idara mzabuni akikimbia) ipo au haipo, inaandikwa kwenye kumbukumbu, watu wanasaini mnaenda nyumbani. Kazi yenyewe inaanza mkishaondoka. Kamati inakaa, na kitu cha kwanza wanachoshika sio sare yako wala bei yako, ni makaratasi: fomu ya zabuni imesainiwa? Aliyesaini ana barua ya kumpa mamlaka? Leseni na cheti cha kodi viko hai? Dhamana ni ya kiasi kilichotakiwa na ya muda uliotakiwa? Hapo wanaanguka wengi kabla mtu hajagusa kitambaa. Waliobaki ndo wanaingia kwenye ufundi, hapo sasa sampuli yako inashikwa, inavutwa, inalinganishwa na kilichoandikwa kwenye nyaraka. Waliopita hapo ndo bei zao zinashindanishwa. Kwahiyo neno "bei ya chini" maana yake bei ya chini kati ya waliobaki, na we hujui kama ulibaki.

Nikupe mfano mmoja nilioushuhudia. Tenda ya samani, nyaraka zinasema zabuni iwe hai siku 90 na dhamana ya benki iwe hai siku 28 zaidi ya hapo, ambazo ni zilezile utazikuta kwenye nyaraka za Benki ya Dunia, na sababu yake ni kwamba mshindi akikimbia dakika za mwisho idara iwe bado na muda wa kwenda benki kudai. Ukijumlisha ni siku 118. Jamaa mmoja, fundi mzuri kweli, viti vyake tulivikalia tukavisifia, benki yake ikamwandikia dhamana ya siku 90. Yeye hakuisoma, aliichukua dirishani akaitia kwenye bahasha. Mwenyekiti wa kamati alizungusha kalamu mkononi kama dakika tano nzima hasemi kitu, maana alimtaka, lakini kulikuwa na mwingine tulishamtoa kwa kosa hilohilo nusu saa iliyopita. Ukimsamehe huyu unamwambia nini yule? Akatoka.

Kuna makosa yanasameheka. Fotokopi ya cheti ambacho kipo kweli na kilikuwa hai siku ya mwisho ya zabuni, nchi nyingi kamati inaweza kukuandikia ulete. Kisichoguswa ni bei na kiini cha ulichoahidi, sababu ukiruhusiwa kubadilisha hivyo wakati za wenzako zimeshasomwa, mashindano yamekufa.

Cha kufanya: andika barua uombe sababu za kutochaguliwa. Sio barua ya matusi, mistari minne inatosha. Nchi nyingi wanalazimika kukujibu, na nyingi zina kipindi cha kusubiri kati ya kutangaza nani anatarajiwa kupewa na kusaini mkataba, ili mwenye dukuduku aseme. Ulaya kipindi hicho kilizaliwa na kesi moja ya Austria iliyoamuliwa 1999, watu wanaiita kesi ya Alcatel, mahakama ikasema haiwezekani mkataba unasainiwa kabla aliyeshindwa hajapata nafasi ya kupinga, sasa ni siku 10 angalau kama taarifa imetumwa kwa njia ya kielektroniki. Benki ya Dunia nayo ina siku 10 za kazi. Kipindi kikishapita na mkataba umesainiwa, hata ukiwa na haki mara nyingi unaambulia fidia, kazi yenyewe imeshaenda.

Mjomba, ni kweli kila kitu lazima kitangazwe? Mbona kuna mtu namjua anapigiwa simu tu anapeleka mzigo. *(Naangalia Tu)*

Si lazima. Tenda ya wazi ndo njia mama, lakini kutangaza kuna gharama na kunakula wiki kadhaa, huwezi kutangaza kwa ajili ya boksi kumi za karatasi. Kwa vitu vidogo chini ya kiwango kilichowekwa na sheria idara inaomba kotesheni, yani karatasi za bei toka kwa wauzaji, kawaida angalau tatu, inapima inanunua. Kwa vitu vinavyotakiwa kila mara, mafuta ya magari, tiketi, usafi, vifaa vya ofisi, kuna mikataba ya mfumo: mnashindana mara moja, bei zinafungwa kwa mwaka au zaidi, alafu idara inaita tu inapohitaji bila kutangaza tena. Huyo mtu wako inawezekana kabisa yuko kwenye mkataba wa namna hiyo na simu unayoiona ni mwisho wa safari ndefu usiyoiona. Au hayupo, na ni jamaa ya mtu. Zote mbili nimeziona.

Kununua moja kwa moja kwa mtu mmoja kunaruhusiwa pia ila kwa sababu chache: kitu kinatengenezwa na mmoja tu, spea lazima iendane na mashine iliyopo, au dharura ya kweli. Dharura ya kweli ni mafuriko yamebomoa daraja. Kujua tangu mwaka jana kwamba mkataba wa ulinzi unaisha mwezi wa sita na kuamka mwezi wa tano mwishoni, hiyo sio dharura, huo ni uzembe uliovaa koti la dharura. Mwaka 2020 wakati wa Corona dunia nzima ilinunua barakoa kwa mtindo wa dharura, hapo hoja ilikuwepo, lakini wakaguzi wa nchi nyingi walikuja kukuta na mengine yamepenyezwa humohumo.

Na kuna ujanja wa kukata vipande. Kazi inazidi kiwango cha kotesheni, mtu anaigawa mara nne ili kila kipande kiwe chini, aite watu wake watatu. Kwenye sheria nyingi hilo ni kosa kabisa, na mkaguzi huligundua kirahisi, anapanga tu malipo kwa tarehe anaona elipio (LPO, hati ya idara ya kuagiza mzigo) nne za kitu kilekile kwa mtu yuleyule ndani ya wiki moja.

Ushauri: tafuta mpango wa manunuzi wa mwaka wa idara unayoitaka. Sehemu nyingi unatolewa hadharani mwanzo wa mwaka wa fedha na unaonyesha nini kitanunuliwa, robo ipi, kwa njia ipi. Watu wanasubiri tangazo wakati majibu ya mtihani yako mezani toka mwezi wa kwanza.

Anko habari, kwenye jedwali la bei nimeandika bei ya kipande 120, vipande 500, jumla nikaandika 6,000 badala ya 60,000. Wamenipigia wanasema wamerekebisha. Wanaruhusiwa kweli? *(Kalamu Iliteleza)*

Wanaruhusiwa na ndo kawaida. Kwenye nyaraka nyingi bei ya kipande ndo inashika, jumla inafuata, isipokuwa kama nukta ya desimali imekaa pabaya waziwazi kwenye bei ya kipande. Na pakiwa na tofauti kati ya tarakimu na maneno, maneno yanashinda. Kwahiyo bei yako sasa ni 60,000 na nafasi yako kwenye foleni imeshuka, pole. Ukikataa marekebisho zabuni inatupwa na dhamana inaweza kwenda nayo. Mara ijayo mpe mtu mwingine apige hesabu, sio wewe uliyeandika, jicho lako limeshazoea kosa.

Mzee shikamoo. Mimi nimeajiriwa juzi kwenye idara, nimeteuliwa kwenye kamati ya tathmini kwa mara ya kwanza. Bosi wa kitengo kinachohitaji printa ameleta vigezo ambavyo mimi naona vimeandikwa kwa ajili ya aina moja tu. Pia kotesheni tatu za kazi nyingine zinanitia wasiwasi lakini siwezi kusema kwa nini. Nifanyeje bila kujiharibia kazi? *(Mgeni Mezani)*

Marahaba mwanangu, na swali lako ndo limenifurahisha kuliko yote maana umeliuliza mapema.

Anza na printa. Vigezo vilivyopikwa vina harufu yake. Kigezo kizuri kinasema kazi: ichapishe kurasa kadhaa kwa dakika, pande mbili, ihimili kurasa elfu kadhaa kwa mwezi, toneri ipatikane, fundi afike ndani ya masaa 24. Kigezo kilichopikwa kinasema umbo. Mimi niliwahi kuletewa karatasi inasema printa iwe na uzito wa kilo 11.4 na upana wa milimita 399, nikamuuliza mwenye kitengo, ndugu yangu, unataka kuibeba kichwani? Alikuwa amenakili brosha neno kwa neno, na cha ajabu hakuwa mwizi, alikuwa amezoea ile aliyonayo na hakujua kuandika vigezo. Tukakaa tukaandika upya kwa nusu saa. Kwahiyo usianze kwa kumshutumu mtu, muulize kila namba inafanya kazi gani. Na kama lazima mtaje aina kwa sababu hamna njia nyingine ya kuieleza, ongezeni maneno "au inayolingana nayo", hilo liko kwenye sheria ya mfano ya UNCITRAL na kwenye sheria za Ulaya pia, na mkishaliandika mlimaanishe, sio mtu analeta inayolingana mnamtoa.

Ila kumbuka wakati wa kurekebisha vigezo ni kabla ya kutangaza. Ikishatangazwa unarekebisha kwa nyongeza inayotumwa kwa wote. Zabuni zikishafunguliwa, kamati yako inapima kwa kilichoandikwa hata kama ni kibovu, haiwezi kubuni kigezo kipya katikati ya mchezo. Kikiwa kibovu kupita kiasi, shaurini zabuni ifutwe mwanze upya, inauma lakini inawezekana.

Sasa hizo kotesheni tatu. Ziweke mezani zikiwa zimepangana na uzisome kama mwalimu anayesahihisha mitihani ya watoto waliokaa dawati moja. Makosa ya herufi yanafanana? Namba ya simu ya huyu iko kwenye barua ya yule? Bei zinapishana kwa asilimia ileile kila mstari, labda kila kitu cha B ni cha A ukiongeza 5 kwa 100, kila kitu cha C ukiongeza 10? Kama zimekuja kwa faili, angalia sifa za faili nani alilitengeneza na saa ngapi, nimewahi kuona "kampuni" tatu zote faili limetengenezwa na kompyuta moja ndani ya dakika ishirini. Hiyo inaitwa zabuni za kusindikiza, mmoja anashinda wengine wamekuja kujaza idadi. Mtindo mwingine ni wa zamu, leo wewe kesho mimi, huo hauonekani kwenye tenda moja, unaonekana ukipanga washindi wa miaka mitatu. OECD, lile shirika la nchi nyingi la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo, walitoa mwongozo mzima wa kugundua mambo haya 2009 na orodha ya dalili zake, utafute uusome, unasomeka.

Bila kujiharibia kazi: usiongee korido. Usimwite mzabuni umuulize. Andika ulichokiona, sio unachokihisi, kwenye kumbukumbu za kikao, kwa lugha kavu: "kotesheni namba 1 na 3 zina namba moja ya simu". Umpe katibu wa kamati au mkuu wa manunuzi, yeye ndo ana njia ya kupeleka mbele, kwa mkaguzi wa ndani au mamlaka ya ushindani. Na kama una undugu au biashara na mzabuni yeyote, saini fomu ya mgongano wa maslahi utoke kwenye kikao siku hiyohiyo, hakuna atakayekuona mjinga.

Habari za kazi mjomba. Nilipeleka viti 40 kwenye idara, miezi mitatu sasa sijalipwa. Kila nikimpigia afisa manunuzi ananiambia "suala lako linashughulikiwa". Serikali haina hela au? *(Nimechoka Kusubiri)*

Inawezekana haina. Ila ngoja nikuulize, nani alikusainia hati ya kupeleka mzigo?

Nauliza sababu kesi kama yako niliifuatilia mwenyewe. Mzabuni alifika Ijumaa jioni, stoo wameshafunga, mlinzi wa getini akamwambia shusha tu hapo, akasaini hati, viti vikaingizwa ukumbini, Jumatatu watu wakavikuta wakavikalia. Basi, viti vinatumika, kila mtu anafurahi, na kwa mujibu wa makaratasi ya serikali viti havijawahi kufika. Kamati ya kukagua haijakagua, mtunza stoo hajaandika hati ya kupokea, mhasibu hajui chochote. Na mwenye viti anampigia afisa manunuzi ambaye kazi yake iliisha siku alipotoa elipio.

Shida ni kwamba we unadhani idara ni mtu mmoja mwenye mfuko mmoja. Imekatwakatwa makusudi. Anayehitaji anaandika maombi, mhasibu anathibitisha bajeti ipo na kuifungia, manunuzi wanatafuta mzabuni, bodi ya zabuni au afisa masuuli (mkuu anayewajibika kwa hela za idara) anaidhinisha, kamati inakagua mzigo, stoo inapokea, mhasibu analipa. Anayeomba siye anayenunua, anayenunua siye anayepokea, anayepokea siye anayelipa, na ni kwa sababu zamani mtu mmoja akishika yote alijinunulia hewa akailipia. Ndo maana inachelewa, lakini pia ndo maana ukijua faili liko meza gani unajua umsumbue nani.

Kwa mhasibu zinatakiwa karatasi tatu zinazokubaliana: elipio, hati ya kupokea, na ankara yako. Elipio inasema viti 40, hati ya kupokea inasema 38 kwa sababu viwili vilikuja vimevunjika, ankara yako inasema 40, hapo imekwama, na huenda hakuna atakayekuambia. Namba ya elipio umekosea tarakimu moja kwenye ankara, imekwama. Nenda mwenyewe, fuata mtunza stoo kwanza, omba kopi ya hati ya kupokea, kama haipo omba kamati ya ukaguzi ikae, alafu ndo uende kwa mhasibu.

Kuhusu haki yako, angalia mkataba unasema siku ngapi. Marekani wana sheria ya malipo ya haraka toka 1982, serikali kuu ikichelewa kupita muda, kawaida siku 30 toka ipate ankara sahihi, inalipa riba yenyewe bila kuombwa. Ulaya agizo la 2011 linazitaka taasisi za umma zilipe ndani ya siku 30, baadhi kama za afya zinaweza kupewa hadi 60, na riba ya kuchelewa ni asilimia 8 au zaidi juu ya ile ya Benki Kuu ya Ulaya. Ila ona hilo neno ankara *sahihi*. Ankara yenye kosa saa haianzi kuhesabu.

Na usipeleke mzigo bila elipio. Hata bosi akupigie, hata akuambie karatasi inakuja kesho, hata akiwa ni rafiki yako wa utotoni. Bila elipio hakuna bajeti iliyofungiwa kwa ajili yako, na bosi akihamishwa wiki ijayo unabaki na simu ya mtu ambaye hayupo.

Kitu kingine, mwisho wa mwaka wa fedha. Nchi nyingi hela isiyotumika inarudi hazina, kwahiyo wiki za mwisho idara zinanunua kama vile kuna moto. Watafiti wawili wa Marekani, Liebman na Mahoney, walichapisha 2017 kwamba wiki ya mwisho ya mwaka wa fedha serikali kuu ya kule inatumia karibu mara tano ya wiki ya kawaida, na miradi ya teknolojia iliyonunuliwa wiki hiyo ubora wake ulikuwa chini. Kwako wewe maana yake ni moja, mzigo wa mwisho wa mwaka ufike na upokelewe kabla ya tarehe, ukivuka unaweza kusubiri bajeti mpya.

Mjomba, mimi ni mshauri, natoa huduma ya kuandaa mifumo. Nilipata alama za juu za ufundi kuliko wote alafu nikashindwa. Wanahesabuje? *(Kichwa Kinauma)*

Huduma za ushauri hazipimwi kama viti. Bahasha mbili: ya ufundi inafunguliwa kwanza, ya bei inabaki imefungwa hadi alama za ufundi zimekamilika, na ukishindwa kufikia alama za chini zinazotakiwa, bahasha ya bei inarudi haijafunguliwa. Alafu zinachanganywa kwa uzito uliotangazwa kwenye nyaraka.

Tuseme we una ufundi 85 na bei 100, mwenzako ufundi 75 na bei 80. Bei ya chini inapata alama 100, yako inapata 80 gawanya kwa 100 mara 100, yani alama 80. Uzito ukiwa 80 kwa 20, wewe ni 68 jumlisha 16, jumla 84, mwenzako 60 jumlisha 20, jumla 80, umeshinda. Uzito ukiwa nusu kwa nusu, wewe 42.5 jumlisha 40 ni 82.5, yeye 37.5 jumlisha 50 ni 87.5, umeanguka. Watu walewale, bei zilezile. Kwahiyo kabla hujaandika hata ukurasa mmoja wa mapendekezo fungua pale wameandika uzito ujue unacheza mpira wa aina gani.

Nilituma kwa mfumo wa mtandao dakika mbili baada ya muda, mtandao ulikuwa unazunguka tu. Hakuna huruma? *(Dakika Mbili)*

Hakuna. Zamani bahasha iliyochelewa ilirudishwa bila kufunguliwa, sasa mfumo unafunga wenyewe na hauna sura ya kubembelezwa. Kama mfumo wenyewe ndo ulianguka, sio intaneti yako, piga picha ya skrini yenye saa na uandike malalamiko siku hiyohiyo, hapo idara nyingine huongeza muda kwa wote.

Ila mimi siichukii mifumo hii ya mtandao. Korea Kusini wana mfumo wao KONEPS toka 2002, Ukraine wakaanzisha ProZorro, jina lenyewe kwa kwao ni kama kusema "kwa uwazi", na toka Agosti 2016 taasisi zote za umma kule zikalazimika kuutumia, na mtu yeyote anaingia anaona nani aliomba, kwa bei gani, nani alipewa. Ningepata kitu kama hicho enzi zangu ningelala usingizi. Pakia mapema, siku mbili kabla, faili ukitaka kubadilisha mifumo mingi inakuruhusu kuondoa na kuweka jingine hadi muda ufike.

Mjomba kuna mtu wa ndani kanifuata anasema nikimpa asilimia 10 tenda ni yangu. Nifanyeje? *(Sitaki Kujulikana)*

Usimpe. Acha hata maadili kidogo, piga hesabu: hiyo 10 unaitoa wapi? Unaiongeza kwenye bei unashindwa, au unaikata kwenye ubora kamati ya ukaguzi inakataa mzigo, na yeye wakati huo hakujui. Na wengi wao hawana uwezo huo, wanawaahidi wazabuni watatu kwa siri, mmoja lazima ashinde, wanachukua kwa aliyeshinda. Kwenye nchi nyingi kampuni ikikutwa inafungiwa kushiriki kwa miaka. Hifadhi meseji zake, toa taarifa taasisi ya kuzuia rushwa ya kwenu, na usijibu chochote kwa maandishi kinachoonekana kama unakubali hata kwa utani.

Swali fupi tu, nimeshindwa tenda, dhamana yangu ya benki bado wameishika. Ni yangu au yao? *(Benki Inanipigia)*

Ni yako. Inatakiwa irudi mara mshindi akishasaini mkataba na kuleta dhamana yake ya utendaji (ya kuhakikisha kazi itafanyika), au zabuni ikiisha muda, kinachotangulia. Wanaishika kwa sababu hakuna aliyekumbuka, ipo kwenye kabati la chuma la katibu wa bodi ndani ya bahasha ya kaki. Andika barua, taja namba ya tenda na namba ya dhamana, peleka mwenyewe asubuhi, usiondoke bila muhuri wa kupokelewa kwenye kopi yako.